Anayehesabu Naye Atatoa Hesabu

Jiji la Kigali lina watu 1,745,555. Ndivyo ilivyosema sensa ya tano ya Rwanda, ya Agosti 2022, na ndivyo inavyorudiwa katika mipango ya serikali, hotuba za viongozi na madaftari ya wanafunzi. Gasabo, wilaya ya kaskazini, ina 879,505. Kicukiro, upande wa kusini mashariki, ina 491,731. Na Nyarugenge, iliyo ndogo kuliko zote kwa eneo lakini ndiyo chimbuko la jiji, ina 374,319. Jumlisha: hakizidi wala hakipungui kichwa hata kimoja. Ulinganifu wa aina hiyo hutuliza moyo, maana tumezoea kudhani kuwa jambo likishajumlishwa limeshaeleweka. Lakini chini ya jumla hiyo pana swali ambalo si la takwimu, nalo liliwasumbua watu wa dini kabla jiji hili halijakuwapo: je, mtu anahesabika? Ni halali kumchukua kiumbe mwenye jina, mwenye mama, mwenye siri zake, ukamfanya alama moja katika safu ya alama zilizofanana? Kigali ni mahali pake pa kuuliza. Hapa, ndani ya umri wa mzee mmoja, watu wameandikwa katika makundi yaliyokuja kuwaua, maiti zao zimehesabiwa ili wakumbukwe, na waliobaki wamehesabiwa ili wachimbiwe visima na wajengewe madarasa.

Tuanze na ardhi yenyewe, kwa sababu watu hawakai juu ya tarakimu, wanakaa juu ya vilima. Nyarugenge ina takriban kilomita za mraba 134. Imeuegemea Mlima Kigali, wenye kimo cha mita zipatazo 1,850, na upande wa magharibi na kusini imekingwa na mto Nyabarongo. Juu ya kilima chenye jina hilo hilo la Nyarugenge ndipo Mjerumani Richard Kandt alipoweka makao ya utawala mwaka 1907, na mwaka 1962 mji mdogo uliozaliwa hapo ukawa makao makuu ya nchi huru. Ukiwagawa watu wa wilaya hii kwa eneo lake, unapata wastani wa watu 2,800 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Hesabu ni sahihi, lakini ni vigumu kumpata mtu anayeishi ndani ya wastani huo. Katika sekta za Gitega, Rwezamenyo na Kimisagara nyumba zimepandana mteremkoni, bati la jirani wa chini likikaribia kizingiti cha jirani wa juu, na vichochoro ni vya kupita mtu kwa miguu tu. Katika sekta za Mageragere na Kanyinya, ndani ya wilaya hiyo hiyo, kuna mashamba, na jirani ni mtu wa kuitwa kwa sauti. Wastani umewapa watu wa Gitega nafasi wasiyo nayo, na umewapa watu wa Mageragere msongamano wasioujua. Tarakimu haikudanganya, imesema jambo lililo kweli kuhusu wote na lisilo kweli kuhusu yeyote.

Lugha mbili zinazosikika katika mitaa ya Nyamirambo, sekta ya wilaya hiyo hiyo, zina la kutuambia hapa. Kwa Kiswahili neno hesabu lina sura mbili zisizotengana. Mwalimu hufundisha hesabu, mweka hazina wa chama hutoa hesabu, Kiyama ni Siku ya Hesabu, na katika Biblia ya Kiswahili mwenye dhambi aliyeamini huhesabiwa haki. Neno linalomtia mtu katika orodha ndilo linalomsimamisha mbele ya hakimu. Limetoka katika Kiarabu likiwa na mizigo yote miwili begani, na hatukulitua hata mmoja. Kwa Kinyarwanda sensa huitwa ibarura, neno lenye undugu na kitenzi kubara, na kubara ni kuhesabu, tena ni kusimulia: mtu hubara fedha, na mtu hubara habari. Methali ambayo karibu kila Mnyarwanda anaijua yasema ijoro ribara uwariraye, usiku husimuliwa na aliyeulala. Sasa tazama jinsi sensa inavyofanywa. Mwaka 2022 dodoso zima lilijengwa juu ya usiku mmoja, wa tarehe 15 kuamkia 16 Agosti. Karani alifika mlangoni na kishikwambi chake akauliza: nani walilala hapa usiku ule? Serikali ilitaka idadi ya waliolala. Methali inakumbusha kwamba kila aliyelala ana la kusimulia.

Hoja ninayotaka kuitetea imo katikati ya maneno hayo mawili. Kumhesabu mtu si dhambi kwa asili yake, wala si wema kwa asili yake. Ni kukopa. Anayenihesabu amechukua kitu changu, yaani amenitoa katika simulizi yangu akaniweka katika jumla yake, na tangu hapo ana deni: atanijibu amenihesabia nini, na hesabu hiyo imenirudishia nini. Penye deni linalokiriwa na kulipwa, hesabu ni ya haki hata ikikosea watu wachache. Penye deni linalokanwa, hesabu ni dhuluma hata isipokosea tarakimu moja. Hayo ni madai makubwa, na hayatoshi kuyasimamisha juu ya ufundi wa maneno. Yanataka ushahidi, na ushahidi upo katika Maandiko na katika historia ya vilima hivi.

Hofu ya kuhesabu watu ni ya kale, na ni ya kwetu. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mzazi akiulizwa ana watoto wangapi hujibu kwa kuzunguka: Mungu amenijalia, wapo. Kuwataja kwa idadi ni kama kuwanyooshea kidole, na kidole huvuta kijicho. Wasomi huuita huo ushirikina, lakini hofu iyo hiyo imo katika Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 24. Daudi aliamuru watu wahesabiwe; Yoabu, mkuu wa jeshi, mtu asiyeogopa damu, alimsihi aache; mfalme akashikilia neno lake. Kazi ilichukua miezi tisa na siku ishirini, ikaleta jawabu la wanaume 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda, na baada yake ikaja tauni iliyoua watu 70,000. Lakini Musa naye alihesabu, tena kwa amri ya Mungu, hata kitabu kizima cha Biblia yetu kikaitwa Hesabu. Tofauti ni nini? Si kwamba Daudi alihesabu wenye kushika upanga, maana Musa pia alihesabu wanaume wa kwenda vitani. Tofauti inaonekana katika kitabu cha Kutoka, sura ya 30, inayoagiza kila anayehesabiwa atoe nusu shekeli iwe fidia ya nafsi yake, tajiri asizidishe na maskini asipunguze, na fedha ile itumike kwa hema la kukutania. Nusu shekeli ilisema mambo matatu kwa mpigo: huyu aliyehesabiwa si mali ya anayehesabu, thamani yake haipandi wala haishuki kwa cheo, na faida ya hesabu itawarudia waliohesabiwa. Daudi alihesabu kama mtu anayehesabu mifugo yake. Na kisa kinaishaje? Kwa mwenye kuhesabu kulipa. Mfalme anaomba adhabu imwangukie yeye na nyumba ya baba yake, kisha anakataa kupewa bure uwanja wa kupuria wa Arauna, anaununua kwa fedha yake mwenyewe. Ninavyokisoma mimi, tauni ilifika mwisho pale mwenye kuhesabu alipokubali kutoa hesabu.

Uislamu umelifikia jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Qurani, katika Sura Maryam, inafundisha kwamba Mwenyezi Mungu amewadhibiti viumbe wote na kuwahesabu sawasawa, na papo hapo inaongeza kwamba kila mmoja atamjia Siku ya Kiyama akiwa peke yake. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja kwa makusudi: Mungu anajua jumla, lakini hana wastani. Kwake hakuna mtu anayefunikwa na jirani yake. Kwa wanadamu, mfano unaotajwa zaidi ni Diwani ya Khalifa Umar ibn al-Khattab, daftari la majina lililowekwa ili kila mtu apate fungu lake katika hazina ya umma. Inasimuliwa kwamba awali watoto waliandikwa wakishaachishwa ziwa. Umar alipogundua kuwa kina mama wanawaachisha mapema ili wapate fungu, alijilaumu vikali, akaamuru mtoto aandikwe tangu kuzaliwa. Kisa hicho kina somo kubwa kwa yeyote anayetunga dodoso. Kigezo cha hesabu kilibadilisha maisha ya waliohesabiwa, kikawatoa watoto titini. Mtawala hakujitetea kwamba daftari lake ni sahihi. Alikiri kwamba daftari limemdhuru mtu, akalirekebisha.

Sasa turudi Rwanda, ambako kipimo hiki kilijaribiwa vibaya kuliko popote Afrika Mashariki. Mwaka 1933 na 1934 utawala wa Ubelgiji uliendesha hesabu ya watu na kutoa vitambulisho vilivyomfunga kila mtu katika fungu moja: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Simulizi inayojulikana sana ni kwamba mwenye ng'ombe kumi au zaidi aliandikwa Mtutsi. Wanahistoria wanabishana juu ya hilo, na wengi wanaona kwamba makarani walitegemea zaidi maneno ya machifu, ya mapadri na ya watu wenyewe. Lisilobishaniwa ni matokeo. Jambo lililokuwa likisogea likagandishwa kwa wino. Hata neno ubwoko, ambalo lilitaja ukoo, kama vile Abanyiginya, Abega, Abasinga au Abazigaba, koo ambazo ndani yake mlikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja, likahamishwa likawekwa juu ya mstari mpya wa kitambulisho. Uhuru haukuufuta mstari huo, na sensa ya 1991 bado iliuliza ubwoko. Miaka mitatu baadaye, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwenye bariyeri zilizowekwa kila kona ya jiji hili, kadi ilikunjuliwa, kidole kikafuata maandishi hadi kwenye neno moja, na neno hilo likatosha kuamua nani apite na nani asipite. Hakuna aliyeulizwa jina, kazi wala imani. Watu walisomwa kama safu.

Jiografia nayo iliingizwa katika hesabu hiyo. Nyabarongo, mto ulio mpaka wa Nyarugenge, huungana na Akagera na hatimaye maji yake huishia Ziwa Viktoria. Mwaka 1994 ulibeba miili hadi ufukwe wa Uganda. Wavuvi na wanavijiji wa Kasensero, Lambu na Ggolo waliitoa majini na kuizika, na katika maeneo hayo matatu wamelala watu zaidi ya 10,000. Tafakari jambo hilo kwa makini. Watu waliouawa kwa sababu ya maandishi katika kadi walizikwa na watu wasiojua lugha yao, wasiokuwa na orodha yoyote, waliohesabu kwa sababu moja tu, kwamba maiti ni mtu na mtu huzikwa. Hesabu ya kwanza ilijua ubwoko na haikumjua mtu. Hesabu ya pili haikujua hata jina, lakini ilimjua mtu. Hapo ndipo tunapoona kwamba usahihi wa taarifa na haki ya hesabu ni vitu viwili.

Kule Gisozi, katika wilaya ya Gasabo, kuna Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari yaliyofunguliwa mwaka 2004, na katika makaburi yake wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Idadi ya jumla ya waliouawa nchini hutajwa kwa namna tofauti: Umoja wa Mataifa umezoea kusema zaidi ya 800,000, na serikali ya Rwanda, baada ya kuhesabu kijiji kwa kijiji, husema zaidi ya milioni moja. Tofauti hiyo si mchezo, kwa kuwa kila kichwa kilichoachwa nje ni mtu aliyekanwa mara ya pili. Lakini anayeingia katika chumba cha watoto cha Gisozi hakutani na idadi. Anakutana na picha ya mtoto, na chini yake jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo wake, na namna alivyokufa. Ni dodoso, ukitaka kuliita hivyo. Lina vipengele kama vya dodoso lolote. Ila maswali yake yameulizwa na mtu aliyekuwa tayari kusikia jibu. Hapo kubara kumerudi kuwa kitu kimoja: kuhesabu na kusimulia. Nje yake kuna ukuta wa majina ambao haujakamilika, na kutokamilika kwake ni ungamo la kweli kuliko jumla yoyote, maana unasema wazi kwamba deni bado lipo.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe: kama kuhesabu kumezaa hayo, si afadhali tusihesabiane kabisa, tumwachie Mungu hesabu yake? Jibu liko ng'ambo ya mpaka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haijafanya sensa ya taifa tangu mwaka 1984. Mtu aliyezaliwa baada ya hapo ameolewa, amezaa na labda ameitwa bibi bila nchi yake kuwahi kumhesabu katika sensa hata mara moja. Matokeo yake hayakuwa uhuru kutoka kwa tarakimu. Makadirio ya waliokufa katika vita vya mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 yanapishana kwa mamilioni, na mahali ambapo wafu wanaweza kukosewa kwa mamilioni, muuaji hana haja ya kuficha kitu. Asiyehesabiwa hawezi kudai. Hana zahanati kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba yupo, na akitoweka hakuna safu inayopungua. Kwa hiyo wanaosema idadi humdhalilisha mtu wamesema nusu ya kweli. Kutohesabiwa pia ni namna ya kuambiwa kwamba wewe si kitu, na Kiswahili kinajua hilo: mtu tunayemdharau tunasema hahesabiki katika watu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nami nalipa uzito wake. Baada ya 1994 Rwanda iliondoa ubwoko katika vitambulisho. Indangamuntu, yaani kitambulisho, ya leo haina mstari huo, na sensa haiulizi. Wapo wanaosema kwamba kuficha kundi si kuliponya, na kwamba dhuluma isiyopimwa haiwezi kusahihishwa. Mfano wao wenye nguvu ni Watwa, ambao katika lugha rasmi wanaitwa abasigajwe inyuma n'amateka, walioachwa nyuma na historia. Wengi wao walikuwa wafinyanzi au watu wa msituni, na kwa kuwa sensa haiwataji, umaskini wao humezwa na wastani wa majirani. Tanzania ilionja pingamizi hilo kwa upande mwingine: sensa zake baada ya ile ya 1967 haziulizi dini, na mwaka 2012 baadhi ya viongozi wa Kiislamu waliwataka waumini wasusie hesabu mpaka swali hilo lirudi, wakiamini kwamba ukimya unawapunguza. Sisemi wenye malalamiko haya wamekosea. Nasema kwamba deni linaweza kulipwa bila kufufua safu iliyoua. Unaweza kuuliza nyumba imeezekwa kwa nini, maji yanatoka wapi, mtoto wa miaka kumi yuko darasa gani, nani ana ulemavu, na ukauliza kijiji kwa kijiji badala ya kuridhika na jumla ya wilaya. Dhiki ya mfinyanzi itaonekana katika majibu hayo kama makarani hawatamruka. Njia hiyo ina gharama, maana aibu ya kubaguliwa haionekani katika bati wala bomba. Gharama hiyo aikiri anayeichagua. Lakini katika nchi ambayo neno moja la kadi lilitosha kuwa hukumu ya kifo, anayedai lirudishwe ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba halitaua tena.

Pingamizi la tatu ni la watu wa takwimu. Watasema sensa ni chombo tu, kama kisu. Lawama ni ya mwenye kukishika, na falsafa yote hii ni kukilaumu kisu. Mfano huo haufai. Kisu hakiiulizi nyanya ni nani. Dodoso humuuliza mtu, na swali lenyewe tayari limeshaamua kitu kumhusu kabla hajafungua kinywa. Biryogo, mtaa wa kale wa Nyarugenge, ni ushahidi. Enzi za ukoloni Waislamu, pamoja na wafanyabiashara na wafanyakazi waliotoka pwani, walitengewa makazi yao, yakaitwa Kambi ya Waswahili. Jina lilianza kama maelezo ya nani anakaa wapi, kisha likawa maelezo ya mtu ni nani: Mnyarwanda aliyesilimu akawa Mswahili, yaani mgeni, kwenye kilima alichozaliwa babu yake. Hakuna aliyekusudia kisu, walikusudia mpangilio. Lakini mpangilio ulizalisha mgeni pale ambapo hapakuwa na mgeni. Na mwaka 1994, watu wa mitaa hiyo ambao safu za utawala ziliwaweka pembeni walisifika kwa kuwaficha waliokuwa wakiwindwa. Dodoso halikuwa na mahali pa kuandika hilo.

Basi kipimo cha hesabu ya haki tukiulize mambo yanayoonekana. La kwanza ni kama mtu anarudishiwa hesabu. Kigali imegawanywa kwa namna inayoweza kurahisisha jambo hilo: wilaya 3, sekta 35, chini yake utugari, yaani seli, chini yake imidugudu, yaani vijiji, na chini kabisa isibo, kundi la kaya chache zinazojuana kwa majina. Serikali hutumia ngazi hizo kuteremsha maagizo. Je, tarakimu nazo huteremka? Mtu wa Gitega akiambiwa kwamba jiji lina watu milioni moja na laki saba na zaidi, hajaambiwa kitu. Akiambiwa kwamba akagari kake kana watoto kadhaa wa umri wa kwenda shule na madarasa kadhaa, amepewa silaha ya hoja. La pili ni kama mwenye kuhesabu yuko tayari kugharimika. Kangondo na Kibiraro, mitaa ya Gasabo iliyofahamika kwa jina la Bannyahe, ilibomolewa Septemba 2022, wiki chache baada ya usiku wa sensa. Jiji liliwapa wenyeji nyumba huko Busanza, Kicukiro. Baadhi yao walipinga, wakidai fidia ya fedha ili wachague wenyewe pa kwenda. Unaweza kuwa upande wowote katika shauri hilo. Jiji lilikuwa na hoja kuhusu usalama na ubora wa makazi, na wenyeji walikuwa na hoja kuhusu haki ya mali. Lakini angalia kwamba kwenye jumla ya jiji kaya iliyohama kutoka Gasabo kwenda Kicukiro haibadilishi chochote. Idadi inabaki ile ile, na kitu pekee kilichobadilika ni maisha ya watu. Hesabu isiyo na mahali pa kuweka badiliko hilo bado haijatolewa.

Wanyarwanda hawana desturi ya jina la ukoo linalorithiwa. Mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja mara nyingi hawashiriki jina hata moja: mmoja ni Habimana, Mungu yupo, na mwenzake ni Hakizimana, Mungu ndiye aponyaye. Anayeziandika kaya za Kigali hawezi kuandika jina moja kisha akaweka alama ya kurudia chini yake. Lazima aulize upya kwa kila kichwa. Naona hilo ni fundisho la dini kuliko hotuba nyingi. Watu waliokataa kumwita mtoto kwa kivuli cha babaye walikuwa wamejua kwamba mtu hujumlishwa baada ya kutajwa, na kwamba jumla isiyopitia kwenye jina ni mzigo wa magunia.

Rwanda imekuwa ikifanya sensa kila baada ya miaka kumi hivi, kwa hiyo karani atarudi. Atabisha hodi Biryogo, Gitega na Mageragere, aulize nani walilala hapa. Msimfukuze, na msimdanganye. Asiyehesabiwa tumeona yanayompata. Mkaribisheni kiti, mmjibu kwa majina kamili ya wote, wazee na wachanga. Kisha Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, ukiisha na watu wakikaa kwenye nyasi kumsikiliza kiongozi, mmoja wenu asimame aulize kwa adabu: mlituhesabu mwaka 2022, hesabu yetu iko wapi?